Kwa Nini Kioko Hasemi Sori

Mwikali mwanangu,

Barua hii si ya kufunguliwa ndani ya gari. Isome leo, ukitoka kuombewa kanisani, kabla hujalala. Kesho asubuhi kuna mtu atakuja na pikipiki kukupeleka wewe na sanduku lako mpaka steji ya Emali, na mtu huyo ni Kioko. Nilimkubalia mimi, bila kukuuliza. Nataka ujue kwa nini, halafu useme kama aje au asije. Ukisema asije, hatakuja.

Najua umeshtuka. Mimi nimeshtuka tangu Alhamisi, ndiyo maana mwandiko umelala upande hivi. Ningekuambia kwa mdomo, lakini kila jina la Kioko likitajwa wewe hutoka nje, na mimi nikiona mgongo wako ukienda nasahau nilichotaka kusema. Karatasi unaweza kuiweka chini ukikasirika na kuichukua tena.

Sitakuandikia habari ya blanketi, wala sabuni, wala kuchemsha maji. Hayo unayajua kunizidi, na walimu wa uuguzi huko Mwingi watakufundisha mengine. Nataka kukuandikia habari ya neno moja. Ni neno la Kiingereza, lakini limekaa kwetu muda mrefu mpaka tumesahau kwamba lilikuja. Ni sori.

Susu yako, mama yangu mzazi, hakuwahi kulisema. Akikukosea alikuwa anakuletea kitu. Siku moja alinichapa kwa sababu ya mbuzi walioingia kwa mbaazi za watu, na si mimi niliyewaachilia. Alipojua ukweli hakufungua mdomo. Jioni nilipopewa sahani yangu ya muthokoi nikakuta maharagwe ni mengi kuliko mahindi. Nikala nikimwangalia, naye akiangalia moto. Yakaisha hivyo. Mimi nilikuja kulipata sori shuleni, kwa mwalimu wetu aliyetaka tuliseme tukichelewa. Nikaona ni kitu cha ajabu. Unasema, mlango unafunguliwa, unakaa.

Baadaye nikaona kwamba sisi watu wa huku tumelipa hilo neno kazi nyingi sana. Mtoto akijikwaa barabarani, kila aliye karibu anasema sori, hata mwanamke aliye ng'ambo akiwa na gunia kichwani. Hakuna aliyemsukuma huyo mtoto. Maana yake ni nimekuona ukiumia. Anayevuta mkokoteni sokoni Emali anapiga kelele sori, sori, sori, na maana yake ni toka hapo nisikuvunje mguu. Mwenye duka akikosa chenji anasema sori, na hiyo ni ya kukuambia uende kwingine. Kijana akipita mbele ya mzee aliyeketi anainama na kusema sori, na hiyo ni heshima tu. Na wewe ulikuwa na yako. Ukivunja kikombe, sori ilikuwa inasikika kutoka nyuma ya choo, umeshafika huko mbio.

Halafu kuna sori ya msiba. Hiyo niliijua kijuujuu baba yenu alipofariki, wewe ukiwa bado unanyonya. Nikaja kuijua kabisa mwaka jana.

Unakumbuka tulivyokwenda kumtambua ndugu yako. Yule mwanamume wa chumba cha maiti alifunua shuka na kusema, "Sori, mama. Ni huyu?" Alisema kama mwenye duka aliyekosa chenji. Sikumchukia. Nafikiri siku hiyo alikuwa ameshaisema kwa watu wengi na ilikuwa imemwishia. Lakini kulikuwa na muuguzi mmoja msichana, pale nje kwenye benchi, ambaye wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa umekwenda kupiga simu. Leso yangu ilikuwa imefunguka kiunoni na mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimesimama mbele za watu na leso imeshuka mpaka magotini. Huyo msichana alikuja, akanifunga leso vizuri, akaingiza ncha ndani kama mtu anayemvalisha mamake, akanikalisha. Ndipo akasema sori, kwa sauti ya chini. Uso wake siukumbuki. Mikono yake ningeitambua hata leo.

Utakuwa ukilisema neno hilo kazini, mwanangu. Wakati mwingine litakuishia na wewe. Likikuishia, angalia kama kuna leso ya kufunga.

Siku za matanga nilisikia sori mpaka ikawa kama mvua kwenye mabati, huoni tena tone moja moja. Lakini nakumbuka Mama Ndanu wa kwaya. Wiki chache baada ya mazishi alinikuta kwenye lango la kanisa akaniita, "Mama Mwikali, Bwana asifiwe." Nilisimama kama niliyemwagiwa maji baridi. Tangu Mutinda azaliwe nimekuwa Mama Mutinda. Alikuwa amebadilisha kwa huruma, akifikiri jina la ndugu yako litanichoma. Nikamwambia, "Dada, mimi bado ni Mama Mutinda."

"Ui, sori! Sori sana, Mama Mwi... Mama Mutinda! Hata sijui kwa nini nimesema hivyo!"

"Ulisema kwa sababu una moyo mzuri na kichwa kibovu."

Tukacheka mpaka tukashikana mikono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mwezi ule, na nilipofika nyumbani nilijificha usinione, nikidhani utaniona sina uchungu. Hilo nalo lilikuwa kosa. Ningekuja kukuambia, pengine nawe ungecheka.

Sasa nifike kwa Kioko.

Unamjua, lakini wacha niandike kama mtu asiyemjua, maana nimegundua hata mimi nilikuwa nimemsahau. Ni mtoto wa jirani yetu aliyekulia nusu kwao na nusu hapa. Mamake alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, kwa hiyo sahani yake ilikuwa kwenye kabati letu pamoja na zenu. Yeye na Mutinda walimaliza shule pamoja, wakakosa karo pamoja, wakaanza kuchimba visima pamoja. Mmoja anashuka chini na sururu, mwingine anabaki juu akivuta ndoo kwa kamba. Walikuwa wakibadilishana. Waliitwa Makueni yote na wakaanza kuitwa hata upande wa Kitui. Kile kisima cha mji wa Kabati, huko Kitui, walimchimbia mwenye duka mmoja. Siku hiyo Mutinda alikuwa chini. Ndoo ya mawe ikaponyoka. Hayo ndiyo tuliyoambiwa, na chifu na wazee wa huko walikaa wakasema ni ajali, na mimi sikuwa na neno la kuwapinga.

Ila Kioko hakusema sori. Alikuja na mwili, alichimba kaburi na vijana wenzake, alilala nje kwenye turubai mpaka siku ya mazishi, na hakulisema. Watu waliliona. Nyumba inapojaa watu wanaosema kitu kimoja, yule asiyesema ndiye anayesikika.

Unakumbuka ile Jumapili ya shukrani. Mchungaji alikuwa na nia njema, alitaka mambo yaishe mbele ya watu. Akamwita Kioko, akaniita na mimi, tukasimamishwa tukitazamana kama bwana na bibi harusi. Akampa Kioko kipaza sauti.

"Sema tu, kijana. Neno moja. Mama anakusikiliza."

Kioko akafungua mdomo. Spika ikapiga mluzi. Akafunga mdomo.

"Sema, ndugu!" mzee wa kanisa akasema kutoka kiti cha mbele. "Hata mtoto wa nasari anaweza hiyo!"

Wengine wakacheka kidogo. Shati la Kioko lilikuwa limelowa mgongoni. Nyuma yangu nilimsikia mwanamke akinong'ona, "Ni kiburi tu. Hata babake alikuwa hivyo."

Hapo ndipo uliposimama kwenye safu ya kwaya. "Neno moja, Kioko! Ndugu yangu alikuachia kamba, na neno moja limekushinda?" Ukatoka. Mlango wa bati ukapiga ukuta nyuma yako, na watoto wadogo wakaanza kulia.

Kioko alinipa kile kipaza sauti kama mtu anayerudisha jembe la wenyewe, akatoka kwa mlango wa pembeni. Tangu siku hiyo hukumsalimia tena. Mimi nilikuwa nikimsalimia, lakini nisikudanganye, nilikuwa nimekasirika kukuzidi. Wewe uliitoa hasira yako mbele ya watu. Mimi niliiweka yangu ndani, nikawa nikisema "habari, Kioko" kwa mdomo laini huku moyoni namwambia, mtoto uliyekula kwangu, umeninyima hata hiyo.

Alhamisi wiki hii nilishuka mtoni na punda. Mchana, jua likiwa kali, wanawake wengine walikuwa wameshajaza na kupanda. Kioko alitokea ng'ambo akisukuma pikipiki ya mjomba wake kwenye mchanga. Aliponiona alisimama mbali.

"Mama, habari ya mchana."

"Nzuri. Njoo uniinulie mtungi, usisimame hapo kama chifu."

"Siwezi kuja hapo, Mama."

"Kuna nini hapa?"

"Kuna shimo."

Nikaangalia shimo lenyewe. Unalijua, ni pale tunapochimba mchanga mpaka maji yaje, halina kina hata cha kufika kiunoni. Mtoto anayetambaa angetoka mwenyewe. Na huyu ni kijana aliyekuwa akishuka mahali ambapo ukiangusha jiwe unasubiri kabla ya kulisikia. Sikuelewa. Nikafikiri anajifanya.

Basi nikainua mtungi mwenyewe kwa hasira. Mguu ukateleza, nikaanguka matako chini, mtungi ukanimwagikia kuanzia kifuani. Unawajua watu wetu. Hata adui yako akianguka, unasema sori kabla hujakumbuka kwamba ni adui. Kioko aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Aliuacha usukani wa pikipiki, ikaanguka kwenye mchanga, naye akabaki amejiziba mdomo kama mtu anayezuia kutapika.

Nikasema, nikiwa nimelowa, "Wewe Kioko! Hata sori ya mtungi huna? Hata maji huyahurumii?"

Nilisema kwa mzaha na kwa ubaya, vyote pamoja. Akachuchumaa palepale.

"Mama, usiniitishe hiyo neno."

"Kwa nini?"

"Nilishaisema."

"Ulisema lini? Mimi masikio yangu ni mazima."

"Si kwako. Niliisema siku ile."

Halafu akanieleza. Nakuandikia kama alivyosema. Nilimuuliza kama nikuambie wewe, akasema, "Mwambie, Mama. Mimi sitaweza."

Alisema: "Sisi tulikuwa na neno letu. Kitu ikianguka, wa juu anasema Mawe! Wa chini akisikia Mawe haangalii juu, anaingia kwa ukuta. Tulikuwa tunachimba mahali pa kuingia, kama pango ndogo, kila tukiongeza urefu. Mutinda ndiye alianzisha. Alikuwa ananifanyisha mazoezi hata tukikunywa chai. Ananiambia, Kioko, na ikianguka? Nasema Mawe! Ananiambia, hapana, hiyo ni ya mtu anauza nyanya, sema kama mtu anaona simba. Tunacheka.

"Siku hiyo kamba ilikuwa na maji. Ndoo ilikuwa imefika karibu, hata nilikuwa nimetoa mkono mmoja niishike. Ikateleza. Na Mama, mdomo wangu ukasema sori. Haikusema Mawe. Ilisema sori. Kama mtu amekanyaga mwingine kanisani."

Nikamuuliza, "Na yeye?"

"Akaangalia juu."

Nilifikiri amemaliza.

"Akanijibu, Mama. Alisema haina. Ile yake ya haina shida, unaijua. Alisema haina. Neno shida haikufika."

Mwikali, sikulia. Watu husema mtu akishtuka anapiga kelele, lakini mimi nilichukua kikombe nikaendelea kuchota maji, nikajaza ule mtungi, ukajaa, nikaendelea kumimina na maji yakimwagika yakirudi shimoni. Punda alichoka kunisubiri akapanda ukingo peke yake. Masikio yangu yalivuma kama ya mtu aliyepigwa kofi. Hata sasa nikiandika yanavuma.

Kuanguka kwa ndoo nilikujua. Kilichonipiga ni kwamba nililitambua hilo neno. Nililitambua kama unavyotambua nguo ya mtoto wako imeanikwa kwenye kamba ya jirani. Mimi ndiye niliyewavalisha. Walipokuwa wadogo wakipigana hapa uwanjani nilikuwa nawashika masikio wote wawili. "Sema sori! Upesi!" Na mwingine, "Wewe nawe, sema haina shida! Upesi!" Sikuwapa nafasi ya kufikiri. Aliyefikiri nilimwona ana kiburi. Wageni walikuwa wakinisifu, watoto wa Mama Mutinda wana adabu, sori iko mdomoni. Na mimi nilikuwa nafurahi. Ilikuwa mdomoni kweli.

Sisemi kwamba ni mimi niliyemuua ndugu yako. Nimeligeuza hilo tangu Alhamisi, upande huu na upande huu, na naona si kweli. Kamba iliyolowa ni kamba iliyolowa. Pengine hata angesema Mawe, muda usingetosha. Hilo Kioko hajui, mimi sijui, na hakuna wa kutuambia. Pia sisemi kwamba ile haina ilikuwa msamaha. Ningependa iwe. Usiku wa kwanza nililala nikijiambia kwamba mwanangu alikufa akisamehe, na ilinipa usingizi kidogo. Asubuhi nikaona najidanganya. Ulikuwa mdomo uliozoea, ukijibu mdomo uliozoea. Walikuwa watoto wawili wenye adabu, basi.

Lakini fikiria mwaka mzima wa huyu kijana. Kila anapokwenda anaambiwa alitoe lile neno. Mchungaji anamwekea kipaza sauti. Wewe unamwambia ni neno moja tu. Mimi namsalimia kwa mdomo laini na moyo uliofungwa. Na yeye akilifikia tu, anamwona Mutinda akiinua uso. Tulikuwa tukimwomba alete kitu ambacho kilikuwa ndani ya kile kisima.

Huenda unajiuliza mbona hakusema hayo mapema. Nilimuuliza. Akasema, "Ningemwambia nani, Mama? Watu wangesema natafuta njia ya kutoka." Na ni kweli, tungesema hivyo. Mimi ningekuwa wa kwanza.

Kosa langu nililolibeba miaka mingi ni kufikiri neno likitoka haraka limetoka ndani. Kwa hiyo wale wenye ulimi mwepesi niliwapenda upesi, na wale wazito nikawahukumu. Baba yenu alikuwa mzito. Tulipokosana alikuwa anachukua panga na kwenda kukata miti ya ua, hata kama ua hauna tatizo, na mimi nikimfuata nyuma nikimwambia, sema kitu, wewe mtu, sema kitu. Sikujua kuangalia ua. Sasa naona ndio ulikuwa imara kuliko ua wowote wa kijiji hiki. Siwezi tena kumwambia kwamba nimeuona.

Nilimwambia nini Kioko? Hakuna cha maana. Sikumwambia nimemsamehe, maana sijui kama nimesamehe au nimeshangaa tu, na sitaki kulisema hilo nalo haraka. Niliuburuta ule mtungi kwenye mchanga, mbali na shimo, mpaka alipokuwa amechuchumaa, nikamwambia, "Simama. Shika upande ule." Akasimama, akashika. Tukaupandisha ukingo pamoja, tukamkuta punda anakula kichaka cha watu, tukampakia.

Kwenye njia akaniuliza, "Mwikali anaenda lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Na sanduku nani anabeba?"

"Mimi na punda."

"Punda mpaka Emali, Mama? Mtafika Jumatano. Halafu watu wa steji wamwulize huyo punda kama ameshalipa nauli."

Nikacheka. Nilishtuka kwamba nimecheka na Kioko. Akasema ana ile pikipiki ya mjomba mpaka katikati ya wiki, na mdomo wangu ukasema, sawa, njoo. Ndivyo nilivyokubali. Kama unavyoona, hata mimi sijapona ugonjwa wa kujibu upesi. Ndiyo maana nakuuliza wewe, ufikiri polepole, leo.

Kuna jambo lingine. Gari lenu kutoka Kitui kwenda Mwingi litapita Kabati. Najua umelifikiria na hujaniambia. Nilikuona ukimuuliza Mama Ndanu kama kuna njia nyingine. Magari husimama pale kidogo, watu wanauza ndizi na mahindi ya kuchoma dirishani. Sijui kisima kile kiko upande gani wa barabara, na sikutaka kuuliza. Mimi nilipopita pale tukimleta ndugu yako nilifunika uso kwa leso mpaka tukatoka mjini, na nimejuta. Nilibaki na Kabati ya kichwani mwangu, ambayo ni shimo tu na giza. Ingekuwa afadhali niwe nimeona watu wakiuza ndizi. Wewe fanya utakavyoweza. Ukitaka kulala mpaka mpite, lala.

Ukija kufanya kazi yako, watakuja kwako watu wasioweza kusema. Baba ambaye mtoto amekufa mikononi mwake na anakuuliza tu saa ngapi choo hufungwa. Mama anayekutukana kuhusu foleni. Kijana anayesimama mlangoni haingii. Usiwashike masikio. Mimi sina elimu ya kukufundisha kazi yenyewe, lakini hilo nimelilipia.

Nasikia mnarudi. Ni sauti ya Ndanu ikikuiga unavyoimba, na wewe unamwambia anyamaze, na wote mnacheka. Wacha nimalize.

Ukisema asije, nitatoka alfajiri nimngoje kwenye njia panda nimrudishe. Sitakukasirikia, wala sitakuuliza sababu, maana sababu unayo na ni kubwa. Ila sitamwambia uongo kwamba umepata gari lingine. Nitamwambia umekataa, kwa sasa. Amechoka kuambiwa mambo nusu nusu. Halafu tutatoka mapema mimi na wewe na punda, na tutafika tutakapofika.

Ukisema aje, usimtafutie maneno, na usimngojee yeye ayatafute. Mimi nitabaki langoni, maana pikipiki haitoshi sisi sote. Sanduku litafungwa nyuma, wewe utakaa katikati. Barabara imeharibika tangu mvua ile, pale kwenye daraja dogo kuna mawe makubwa yametokeza na pikipiki huruka. Kama hutaki kumshika yeye, peleka mkono nyuma ushike sikio la sanduku. Lakini shika, mwanangu. Usikae hivyo hivyo bila kushika kitu.

Mimi mamako,
Mama Mutinda, na Mama Mwikali.